Feni Iliyogoma Milimani

Gari letu liliingia mtaroni likiwa linatembea polepole kuliko baiskeli, ndiyo maana tulitoka wazima. Mume wangu Anatoli alikuwa kwenye usukani, mimi nimekaa kushoto kwake na kikapu cha mayai mapajani. Hata yai moja halikupasuka. Kilichovunjika ni taa ya mbele upande wangu, na bampa likakunjika kama kona ya daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

Tulikuwa tunatoka Manyovu kwa dada yangu Léoncie. Miguu yake haimruhusu tena kushuka mjini Kigoma, kwa hiyo kila mwezi tunampandia sisi. Tunampelekea dagaa na chumvi, yeye anatufungia maharage na ndizi. Siku ile tuliondoka kwake asubuhi mapema. Mvua ya Machi ilikuwa inanyesha ile ya taratibu isiyo na haraka ya kuisha, na baridi ya kule juu ilikuwa imekaza mpaka nikavaa soksi za Anatoli. Gunia la maharage lilikuwa limelowa wakati wa kulipakia. Kanga zangu mbichi, koti lake bichi. Chukua hivyo vyote uvitie ndani ya gari dogo la zamani, ufunge madirisha, halafu watu wawili wapumue humo: kioo cha mbele kinatoka jasho kama mfuniko wa sufuria ya wali.

Ikiwa hivyo Anatoli huwasha feni ya hita. Pale kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzungusha, ina namba moja mpaka nne. Ukiizungusha, upepo unatokea chini ya kioo, na ule ukungu unaanza kujikunja kutoka chini kwenda juu mpaka barabara yote inaonekana. Siku ile alizungusha mpaka nne na upepo haukutoka. Akafuta kioo kwa kiwiko, mimi nikafuta kwa kanga. Tukifuta, barabara inaonekana kwa muda wa kuitikia salamu, kisha kioo kinaziba. Tukafungua madirisha, mvua ikaingia, tukafunga. Kwenye kona ya kuteremkia Kalinzi Anatoli aliiona kona, ila aliiona kwa kuchelewa.

Vijana waliokuwa wanakwenda shamba waliinua gari upande mmoja huku wakitusalimia na kutuuliza habari za mjini, likarudi kwenye lami. Tukashuka taratibu, madirisha wazi, mvua inatupiga usoni. Tulipofika Mwandiga joto la ziwa lilikuwa limeshatupokea. Anatoli akajaribu swichi tena, na feni ikavuma, vizuri kabisa, kama mtu aliyekuwa amenyamaza makusudi.

"Umeona?" akaniambia.

Nilikuwa nimeona. Lakini mke ni shahidi wa namna gani?

Jioni ile mtoto wetu wa kwanza, Gasper, alifika nyumbani Katubuka. Gasper ananunua samaki pale Kibirizi, anawapanga kwenye barafu na kuwasafirisha, na ni mtu wa kutaka kuona kitu kwa macho yake. Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Akaenda kwenye gari, akazunguka upande wa taa iliyopasuka, akainama akaangalia chini. Akaingia, akawasha, akazungusha swichi. Feni ikavuma kwenye namba zote, mpaka risiti iliyokuwa juu ya dashibodi ikaruka ikaangukia kitini. Akazima. Ufunguo hakuurudisha kwenye msumari wake ukutani. Aliutia kwenye mfuko wa shati.

"Baba, umeendesha vya kutosha," alisema. "Macho yamechoka, na hilo si aibu. Manyovu nitakuwa nawapeleka mimi nikipata nafasi."

Anatoli alisema kwamba feni iligoma. Gasper akajibu kwa adabu kwamba feni ndiyo hiyo, imevuma mbele ya wote. Mimi nikasema nilikuwepo, nikaona na nikasikia. Akaniangalia kwa upole, akasema ni vizuri mama kumsimamia baba. Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia nimedanganya, ila amelifunga neno lenyewe kwenye jani la mgomba.

Anatoli aliendesha lori la ushirika tangu hajanioa. Kasulu, Kibondo, njia za udongo mwekundu kabla lami haijafika, amelala chini ya lori hilo na amelitoa kwenye matope ambayo wengine waliyaacha na gari ndani yake. Sasa ndevu ni nyeupe na lori halipo, amebaki na hili gari dogo na ile safari ya Manyovu. Hakugombana na mwanawe. Asubuhi yake alitoka na ndoo na kitambaa, akaliosha gari lote vizuri, akaingia akakaa kwenye usukani, mlango wazi, hana ufunguo. Alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Wiki hiyo hiyo nilimkuta sebuleni amesimama mbele ya kalenda, kiganja kimoja kimefunika jicho. Hakunisikia nikiingia. Alisoma tarehe kwa sauti ndogo, akahamisha kiganja kwenye jicho la pili, akasoma tena. Kisha akarudi nyuma kidogo, akaanza upya. Hapo niliumia kuliko siku ya mtaro. Nilielewa kwamba sasa na yeye mwenyewe ameanza kujishuku.

Nikamwambia tumwite fundi.

"Fundi wa nini? Gari si limeonekana zima?"

Nikamwambia aje hivyo hivyo. Akikuta ugonjwa uko kwenye gari, atautibu. Akiukosa, tutajua tumtafute daktari wa macho, na wewe utaacha kuisumbua kalenda yangu. Alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu Jumatatu ile ya mtaro.

Fundi niliyemwita ni Ndizeye wa Gungu, fundi umeme wa magari. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakakaa huku, na Kiswahili chake bado kina Kirundi ndani yake. Ninampenda kwa jambo moja: hagombani na gari. Mafundi wengine wakifungua boneti wanaanza kwanza kumtukana fundi aliyetangulia. Yeye anaweka mfuko wake chini, anaosha mikono, anauliza.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na Gasper akaja na ufunguo. Wakasalimiana. Ndizeye akaanza na fyuzi, kile kiplastiki kidogo chenye uzi wa waya ndani, kilichokaa karibu na mguu wa dereva. Alikichomoa akakiinua juani ili na sisi tuone: uzi haujakatika. Akakirudisha. Akamwomba Gasper awashe, akazungusha swichi namba moja moja, akiacha kila namba ivume kwa muda. Ilivuma. Akachomoa plagi ya waya unaokwenda kwenye mota, akaangalia kama kuna pini iliyoungua, hakuna. Akatoa rezista, ndiyo inayopunguza nguvu ya umeme kwenye namba ndogo ili feni izunguke taratibu, akaipima kwa taa yake ndogo yenye waya na ncha kama sindano, ikawa nzima. Akakaza waya uliofungwa kwenye bodi. Akagonga mota kwa mpini wa bisibisi wakati inazunguka, akisema mota iliyochoka ukiigonga hushtuka. Haikushtuka.

"Gari halina neno," alisema mwishowe, na nikaona kabisa kwamba hakupenda kulisema.

Gasper hakushangilia, kwa hilo namsifu. Alimwangalia tu baba yake, na baba yake akaangalia tairi.

Ndizeye alikuwa bado amepiga magoti pale mlango wa kushoto. Akageuka kwangu. "Mama, wewe ulikaa hapa, magoti yako yako karibu na feni kuliko mtu yeyote. Siku ile ilikuwa kimya kabisa, au kuna kitu ulisikia?"

Nilifikiri, na hakuniharakisha. Nikarudi kwenye ile mvua, kanga mkononi, mayai mapajani. "Haikuwa kimya," nikasema. "Ilinguruma kwa ndani, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Na baba Gasper alipozungusha mpaka nne, ile saa ya dashibodi ilififia mwanga kidogo."

"Ilififia?"

"Ilififia. Akipunguza, inarudi."

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Basi swichi ilifanya kazi, fyuzi ilifanya kazi, umeme ulifika mpaka kwenye mota. Usingefika, isingenguruma na saa isingefifia. Umeme ulibisha hodi, mwenye nyumba alikuwemo ndani na hakufungua."

Gasper akauliza kwa nini leo mwenye nyumba anafungua, au ni kwa sababu kuna wageni. Hata mimi nilicheka. Ndizeye akasema hilo ndilo hajalijua, na fundi hawezi kutengeneza kitu kisichoharibika mbele yake. Gasper akatazama simu, akasema ana samaki wa kufunga, akaondoka na ufunguo wake.

Nilimwekea Ndizeye ugali na samaki, mgebuka. Walipokuwa wananawa, Anatoli akauliza kama kutoa mota kunahitaji ufunguo. Ndizeye akasema kunahitaji bisibisi.

Mota yenyewe inakaa kushoto, chini ya kile kisanduku cha dashibodi tunachowekea karatasi za gari. Ndizeye alilala chali, kichwa ndani miguu nje, akafungua skrubu tatu, na kitu chote kikashuka mikononi mwake: mota nyeusi ukubwa wa kopo la maziwa, na juu yake kile kinachosukuma upepo, kama kikapu cha plastiki chenye mbavu nyingi nyembamba. Akakizungusha kwa kidole. Kilizunguka, lakini hakikuserereka. Ukikiacha, kinasimama palepale, kama mtoto aliyeambiwa aende dukani.

Akachokonoa pale mhimili unapoingia kwenye mota. Ncha ya bisibisi ikatoka na uji mzito wa rangi ya matofali, umechanganyika na vumbi na unga mweusi. Akaunusa. Akampa Anatoli. Anatoli akanusa, akanipa mimi. Mtu wa Kigoma huhitaji kumwambia.

"Mawese," nikasema.

Anatoli alikasirika kabisa, mara ya kwanza katika jambo hili lote. Akasema katika kuendesha kwake kote hajawahi kutia mboga kwenye gari. Ndizeye akamtuliza, akasema aliyeweka atajulikana au hatajulikana, sasa tuulize mawese yamefanya nini. Mafuta yale yameshika vumbi na unga wa kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yamekuwa gundi. Mota inazunguka kwa taabu. Sawa. Lakini gundi ingekuwa nzito kila siku, na leo imezunguka.

"Leo kuna joto," Anatoli akasema.

Hakuna mwanamke mjini kwetu asiyelijua hili, na nafikiri ndiyo maana lilichelewa kunijia, lilikuwa karibu mno. Asubuhi za Juni dumu langu la mawese linaganda. Chini kunakuwa na kitu kama siagi, juu maji mekundu kidogo, na nisipolianika juani kwanza, sipati mafuta ya kutosha mboga. Hiyo ni hapa chini ziwani. Na kule Kalinzi, kwenye mvua, alfajiri?

Ndizeye akapiga paja. Akaeleza kwamba feni ile imekaa upande wa kuvutia hewa ya nje, kabla hewa haijapita kwenye joto la injini, kwa hiyo kadiri mnavyopanda inapigwa na baridi tupu. Akasema anaamini. Halafu akasema kuamini ni kwake, na mwenye ufunguo ataamini akiona. Tutapata wapi baridi ya Kalinzi hapa, saa hizi za mchana?

"Kwa Gasper," akasema Anatoli.

Basi tukaenda Kibirizi na bajaji: mimi, mume wangu, fundi, betri ya gari kwenye karai, na ile mota ndani ya ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, niliyokuwa nimeisugua siku nyingi kwa ajili ya kuhifadhia unga. Dereva wa bajaji aliuliza kama tunakwenda kuvua kwa umeme.

Gasper alikuwa kwenye masanduku yake ya barafu, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Alituona, akaona betri, akamwangalia baba yake, akasubiri. Anatoli hakuanza yeye. Ndizeye ndiye aliyeeleza, kwa upole, kwamba anaomba nafasi kidogo kwenye barafu, mota iko ndani ya ndoo iliyofungwa na haitagusa samaki hata mmoja.

Kuna mfanyabiashara mwenzake Gasper anaitwa Esther, anauza migebuka meza ya jirani, na mdomo wake hauna kofuli. "Baba Gasper, shikamoo," alisema. "Huyo samaki wenu amevuliwa kwa taa au kwa ndoano?"

"Amevuliwa kwa bisibisi," Anatoli akamjibu.

Ndizeye alitaka kwanza wote waione mota ikiwa na joto, asije mtu akasema ililetwa imekufa. Akaishika chini kwa mguu, akagusisha nyaya mbili kwenye betri. Kikapu kikazunguka, kikatupigia upepo na vumbi la magamba ya dagaa. Wapagazi wawili wakasimama kuangalia. Kisha akaifunga kwenye ndoo, na Gasper mwenyewe akachimba shimo kwenye barafu katikati ya samaki, akaizika mpaka mfuniko.

Tukasubiri. Jua lilikuwa kali, mchanga umetandazwa dagaa mpaka mbali. Anatoli alikaa kwenye kreti ameupa mgongo upande wa mwanawe, na mwanawe akafunga samaki ambao nadhani walikuwa wamekwisha kufungwa. Mimi nikaongea na Esther habari za bei na za magoti, maana na yeye magoti yanamsumbua. Ndizeye peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Alikuwa anakula karanga.

Ndoo ilipotolewa, mota ilikuwa baridi mpaka inatoa jasho. Ndizeye akaifuta kwa kitambaa, akaiweka pale pale, akagusisha nyaya zile zile.

Kikapu hakikusogea. Kutoka ndani ikaja sauti ndogo, nene, ya kujizuia.

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Ndiyo sauti niliyoisikia."

Anatoli aliinuka kwenye kreti, akaja akainama juu ya mota, sikio karibu kabisa, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Niliona tu mabega yake yakishuka.

Ndizeye akaiweka juani juu ya bati lililoshika moto wa jua, akaigeuza upande huu na huu kama hindi la kuchoma. Baadaye akagusisha tena. Ikanguruma, ikasita, kikapu kikaanza kusogea kwa uvivu, halafu kikashika mwendo.

"Rudia," akasema Gasper.

Hakulisema kwa kiburi. Aliichukua mota kwa mkono wake, akaifunga kwenye ndoo, akaizika kwenye barafu, akakaa kando bila kufunga samaki yeyote. Alipoitoa alizigusisha nyaya yeye mwenyewe. Iligoma vilevile. Akazitoa, akazigusisha tena, ikanguruma tu. Akaziweka chini, akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Hayo mawese niliweka mimi," alisema.

Akaeleza. Wakati wa Krismasi aliazima gari kuwapeleka wakwe zake Kasulu. Feni ilikuwa inalia kama kifaranga, na mama mkwe wake akawa anacheka njia nzima. Alipofika nyumbani kwake akafungua mfuniko wa chini ya feni, akadondoshea mawese kwa unyoya wa kuku, kilio kikaisha. Akaona hakuna haja ya kumsumbua mtu na habari hiyo.

"Si ndivyo tulivyofanya siku zote nyumbani?" akaniuliza.

Ndivyo. Kwetu mawese yalikwenda kwenye bawaba za milango, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye visigino vya watoto wakati wa kiangazi, na hata kwenye cherehani yangu mafuta yake yakiisha. Na kila mahali yalifaa. Mtu akikaa hapa ziwani maisha yake yote hana sababu ya kujua kwamba mafuta hayo yanageuka jiwe ukipanda mlima.

Anatoli alikuwa ananyonya meno. "Mimi nilifurahi kelele ilipokoma," alisema. "Nikasema imepona yenyewe."

"Kumbe hakimu ndiye aliyekula kuku," Esther akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mitumbwi, na wapagazi wakacheka, na Gasper naye akacheka kwa sababu hakuwa na pa kujificha.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Gasper alimsogelea baba yake, akapunguza sauti, nami nikasikia kwa kuwa nilikuwa katikati yao.

"Feni nimekubali, Baba, na kosa ni langu. Macho bado. Sisemi kwa ubishi. Tangu siku ile nikilala nawaona ninyi wawili mko chini ya bonde."

Nilitaka kumjibu mimi. Nikajizuia, hilo halikuwa langu.

"Basi Jumamosi ukae kiti cha mama yako," Anatoli akasema. "Uone ninachokiona. Nikishindwa kona moja, ufunguo ni wako."

Ndizeye alifanya kazi yake chini ya kivuli cha turubai pale pale. Aliifungua mota, akaosha mhimili na tundu unamozungukia kwa petroli, akaondoa ile gundi kwa njiti ya kiberiti na kitambaa, akazipitisha kaboni kwenye msasa laini mpaka zikang'aa, akaacha ikauke vizuri, ndipo akatia tone la mafuta ya mashine, moja kila upande. Akasema kaboni zimebaki fupi, siku moja zitaisha na itabidi kubadilisha, lakini si mwaka huu. Kikapu sasa kikizungushwa kwa kidole kiliendelea chenyewe mpaka ukakisahau. Gasper akaomba iingie kwenye barafu mara ya mwisho. Ikatoka na jasho lake, ikaguswa, ikazunguka papo hapo. Tukarudi nyumbani na bajaji, Ndizeye akaifunga mahali pake.

Jumamosi Gasper alifika Katubuka kabla hakujapambazuka vizuri. Alikuwa ametoka moja kwa moja mwaloni kupokea mitumbwi, nguo zinanuka dagaa, macho mekundu. Akampa baba yake ufunguo bila hotuba. Mimi nilikaa nyuma na mfuko wa chumvi na wa dagaa wa Léoncie, mahali ambapo sijawahi kukaa katika gari lile, nikagundua kiti cha nyuma kina msumari.

Mpaka Mwandiga palikuwa pakavu. Tulipoanza kupanda mawingu yakashuka kutupokea, na kabla ya Kalinzi mvua ilikuwa juu yetu. Kioo kikaanza kutoka jasho kwenye pembe, kisha katikati. Gasper alikaa mbele ya kiti, mkono umeshika mlango. Anatoli akaacha kioo kizibe kidogo zaidi ya ilivyofaa, nadhani makusudi, ndipo akazungusha swichi.

Upepo ukatoka. Ukungu ukajikunja kutoka chini, ukapanda, barabara ikajitokeza mbele yetu nyeusi na inang'aa.

"Baba, pale mbele unaona nini?" Gasper akauliza.

"Mama na baiskeli ya ndizi. Mkungu mmoja umeelemea kushoto. Nyuma kuna mbuzi."

Mimi sikuwa nimeona hata baiskeli. Tulipomfikia, mbuzi alikuwepo, mkungu umeelemea kushoto, ila mwenye baiskeli alikuwa mwanaume mwenye masharubu.

"Mwanaume huyo," akasema Gasper.

"Amejitanda kanga kichwani kwa mvua. Wewe umemjua alipofika mlangoni."

Mbele kidogo Gasper akauliza juu ya kibao, Anatoli akakisoma. Akauliza tena juu ya lori lililokuja na taa zimezimwa, Anatoli alikuwa ameshasogea pembeni kulipisha. Ile kona yetu tukaipita. Mtaro ulikuwa umejaa maji. Baada ya hapo nikasubiri swali jingine, na halikuja. Nilifikiri ameudhika. Nikainama katikati ya viti ili nimwone uso.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo cha mlango, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani kama alivyokuwa akilala utotoni kwenye lori la ushirika.

"Amelala," nikamwambia Anatoli.

"Nimemwona," akasema, bila kuondoa macho barabarani. Akapunguza feni mpaka namba mbili ili isimpigie kelele, na alipofika kwenye kona iliyofuata akaichukua kwa upana, taratibu, kichwa cha kijana kisije kikagonga kioo.